Kuhamisha kichwa cha treni ya modeli kutoka analogi kwenda DCC, na kukirudisha

Maswali kuhusu DCC (Digital Command Control), yaani kuendesha treni kwa amri za dijitali, ni yale yale, wanabadilika waulizaji tu. "Nimeagiza kichwa cha dijitali, nikikiweka kwenye reli zangu za kawaida kitaungua?" "Kichwa cha zamani cha babu kinaingia dikoda?" "Nikishaweka dikoda, naweza kukirudisha analogi siku nikitaka kukiuza?" Jibu fupi: hakitaungua, kinaingia, unaweza. Ila kila jibu lina masharti yake, na dikoda nyingi (vile vijisakiti vya kusoma amri ndani ya kichwa) huungua mikononi mwa watu waliosikia jibu wakaondoka kabla ya masharti.

Hatua zilizo hapa ni za treni za reli mbili zinazotumia umeme wa DC (mkondo wa upande mmoja), za ukubwa wa HO, OO na N. Wenye treni za Märklin za reli tatu kuna kipande chenu karibu na mwisho. Kisomeni kwanza kabla ya kugusa chochote.

Nadharia, kidogo tu

Kwenye analogi, volti zilizo kwenye reli ndizo mwendo. Ukiongeza kutoka 0 kwenda 12, treni inakaza mwendo. Ukigeuza chanya na hasi, inarudi nyuma. Mota imeunganishwa moja kwa moja na magurudumu, hakuna kitu katikati.

Kwenye DCC, reli zina umeme kamili muda wote, kwa HO kama volti 14 hadi 16, treni iwe inakwenda au imesimama. Umeme huo unageuka chanya na hasi maelfu ya mara kwa sekunde, na mpangilio wa kugeuka huko ndio unaobeba amri. Dikoda iliyo ndani ya kichwa inasoma amri, inachagua zilizotumwa kwa namba yake, kisha inaendesha mota. Kwa hiyo sasa katikati ya reli na mota yupo mpatanishi, na kazi yako yote ni kumweka, kumwelekeza, au kumtoa.

DCC ni kiwango cha pamoja. Chama cha wapenda treni za modeli cha Marekani, NMRA, kilikipitisha miaka ya 1990 kwa kujengea juu ya kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani. Ndiyo maana dikoda ya kampuni moja hufanya kazi na kontrola ya kampuni nyingine. Usikubali kuambiwa lazima ununue zote duka moja.

Kijue kichwa chako kwanza

Vichwa vipo vya namna tatu. Kuna vilivyotoka kiwandani na dikoda. Boksi lake huandikwa "DCC Fitted", au "DCC Sound" kama kina sauti. Kuna vyenye soketi tupu, "DCC Ready". Maandishi hayo huwachanganya wengi, kwa kuwa hayana maana kwamba kichwa kiko tayari kuingia kwenye reli za DCC. Maana yake ni kwamba kiko tayari kupokea dikoda, na dikoda hiyo bado hujainunua. Ndani ya soketi hiyo kumechomekwa plagi bubu, kijiplagi kinachounganisha reli na mota moja kwa moja ili kichwa kitembee kwa analogi. Halafu kuna vya zamani visivyo na soketi kabisa. Hivyo ndivyo vyenye kazi.

Kama umenunua cha mtumba hakina boksi, kifungue. Usikisie.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kontrola ya analogi inayotoa DC laini. Zile zinazopiga umeme kwa mapigo ya haraka, yaani PWM, pamoja na zile zinazojirekebisha zenyewe kwa kuisikiliza mota, weka pembeni. Dikoda haziziwezi.
- Kontrola ya DCC yenye njia ya pili ya kuprogramu, yaani kipande cha reli cha kusomea na kuandikia mipangilio ya dikoda. Mfuko ukiwa mwembamba, tazama mradi wa DCC-EX: bodi ya Arduino Mega (kompyuta ndogo ya kujitengenezea vifaa), bodi ya kuendeshea mota juu yake, na programu ya bure. Ukitumia ile bodi ya mota ya Arduino yenyewe, kata kwanza kiunganishi cha Vin kilicho chini yake, la sivyo volti za reli zitapanda hadi kwenye Arduino na kuiua.
- Dikoda inayolingana na soketi yako na inayohimili mkondo wa mota yako.
- Multimita yenye mlio wa kupima kama waya zimegusana. Bila hiyo usiguse kichwa cha zamani.
- Bisibisi ndogo, kibanio chembamba, chuma cha kulehemu chenye ncha nyembamba, na risasi nyembamba ya mafundi redio.
- Tepu ya Kapton, ile ya rangi ya kaharabu. Tepu nyeusi ya umeme ikipata joto gundi yake huyeyuka na kuteleza, na ndani ya kichwa cha treni kuna joto.
- Alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi. Pwani, reli hupiga weusi haraka kwa unyevu, na DCC haina subira na reli chafu.

Jambo moja kwa wanaoagiza vifaa vya mtumba kutoka Marekani: soma maandishi yaliyo mgongoni mwa transfoma. Ya kule nyingi ni za volti 120. Ukiichomeka kwenye 230 au 240 ya kwetu kupitia adapta ya miguu mitatu, moshi ukitoka imekula kwako. Adapta hubadilisha umbo la plagi, volti zinabaki zile zile.

A. Kichwa chenye soketi: kutoka analogi kwenda DCC

1. Kiendeshe kwanza kwa analogi, mbele na nyuma, dakika kumi na tano hivi. Kikisitasita, safisha magurudumu, tia tone dogo la mafuta kwenye ekseli, kiendeshe tena. Kichwa kibovu kwenye analogi kitakuwa kibovu zaidi kwenye DCC, na utailaumu dikoda bure.

2. Fungua bodi, yaani ganda la nje la kichwa. Tafuta skrubu chini, au vijino vya plastiki ubavuni. Visipoachia usitumie nguvu. Angalia mchoro uliokuja nacho, maana mara nyingi kuna skrubu moja imejificha nyuma ya kiungio cha mabehewa.

3. Chomoa plagi bubu kwa kuinyanyua wima, na uitie kwenye mfuko ndani ya boksi la kichwa hicho hicho. Siku ya kurudi analogi ndiyo utakayoitafuta.

4. Chomeka dikoda. Kwa soketi ya pini 8 angalia kwa makini hapa: kwenye sakiti ya kichwa, pembeni mwa tundu moja, pamechapwa namba 1 ndogo, au pembetatu, au kona moja imekatwa. Kwenye plagi ya dikoda, waya wa chungwa ndio pini ya 1. Chungwa iende penye alama. Soketi za pini 21 zina tundu moja lililozibwa makusudi ili plagi isiingie kinyume. Ikigoma, igeuze. Usiisukume.

5. Usifunge bodi bado. Weka kichwa kwenye njia ya kuprogramu na usome CV8. CV ni vijisanduku vya kumbukumbu ndani ya dikoda, kila kimoja na namba yake, na CV8 hubeba namba ya mtengenezaji. Ukipata namba yoyote yenye maana, nyaya ziko sawa na dikoda iko hai. Ukipata kosa, rudi hatua ya 4. Njia ya kuprogramu hutoa mkondo mdogo sana, kwa hiyo kosa la waya hapa haliiui dikoda. Kosa lile lile kwenye njia kuu laweza kuimaliza.

6. Sasa kihamishie njia kuu. Dikoda mpya huja na namba 3. Ita namba 3, kipe mwendo mdogo, jaribu taa. Mbele iwe mbele, na taa ya mbele iwake ukienda mbele.

7. Badilisha namba. Mpaka 127 hukaa kwenye CV1. Namba ndefu, kama zile nne zilizoandikwa ubavuni mwa kichwa, hukaa kwenye CV17 na CV18 kwa hesabu yake maalumu. Iachie kontrola ifanye hiyo hesabu. Usibaki na 3, kwa sababu kichwa chako kijacho nacho kitakuja na 3, na vyote viwili vitaondoka pamoja.

8. Zima uwezo wa analogi. Hatua hii wengi huiruka. Maelezo yako kwenye kipande kinachofuata.

9. Laza nyaya mbali na gia na flaiwili (gurudumu zito la mota), zibane kwa kipande cha Kapton, ndipo ufunge bodi. Ukisikia mkwaruzo baada ya kufunga, kuna waya umebanwa. Fungua tena hapo hapo.

CV29 na kwa nini uizime analogi

Dikoda nyingi hutoka kiwandani zikiwa tayari kwa pande zote mbili. Zikiona DCC zinatii DCC, zikiona DC ya kawaida zinaendesha mota kwa analogi. Inaonekana ni jambo jema, na kwa mtu anayehamahama kati ya reli za rafiki na zake ni jema kweli.

Tatizo linakuja kwenye reli za DCC. Reli ikiwa chafu, au kukitokea shoti ya kufumba na kufumbua kwenye makutano, dikoda inaweza kuusoma umeme vibaya ikaamini iko kwenye analogi. Na kwa macho ya analogi, volti 15 maana yake ni mwendo wa mwisho. Kichwa kinaondoka kama mshale kikiwa hakina dereva. Kama umefunga kapasita kubwa ya kukipa pumzi kwenye sehemu chafu hatari inazidi, na watengenezaji wa vifaa hivyo wenyewe hushauri analogi izimwe.

Swichi yake iko ndani ya CV29, ambayo ni jumla ya namba kadhaa: 1 ni kugeuza mwelekeo, 2 ni hatua 28 au 128 za mwendo, 4 ni analogi, 8 ni RailCom (dikoda kuijibu kontrola), 16 ni jedwali la mwendo, 32 ni namba ndefu. Thamani ya kiwandani mara nyingi ni 6, yaani 2 na 4. Ukitoa 4, analogi imezimwa:

- 6 inakuwa 2
- 14 inakuwa 10
- 38 inakuwa 34
- 46 inakuwa 42

Kabla ya kutoa 4, hakikisha imo. Gawanya thamani uliyoisoma kwa 8 uangalie baki. Baki ikiwa 4, 5, 6 au 7, analogi imewashwa. Ikiwa 0 hadi 3, tayari imezimwa, na ukitoa 4 tena utavuruga mipangilio mingine. Mfano: 38 kugawanya kwa 8 inabaki 6, imewashwa. 34 inabaki 2, imezimwa.

Msimamo wangu ni huu: kichwa kikishahamia DCC, analogi izimwe siku hiyo hiyo. Kuirudisha ni kazi ya nusu dakika.

B. Kichwa cha zamani kisicho na soketi

Hapa ndipo dikoda hufia. Sababu karibu zote ni moja: mota bado imegusa reli mahali fulani. Vichwa vingi vya zamani vilitengenezwa kwa kutumia fremu ya chuma kama waya. Gurudumu la upande mmoja linapeleka umeme kwenye fremu, na fremu inagusa kaboni ya mota. Kwa analogi ni ujanja mzuri wa kupunguza gharama. Kwa DCC ni sumu, maana umeme wa reli unaingilia mdomo wa kutokea wa dikoda.

1. Pima mkondo wa juu wa mota. Weka multimita kwenye ampea, tundu la 10A, katikati ya kontrola na reli. Panda hadi volti 12, kandamiza kichwa kwa kidole mpaka magurudumu yasimame, soma namba, achia. Usizidishe sekunde mbili. Ukipata ampea 0.8, dikoda ya ampea 1 inatosha. Ukipata 1.5 au zaidi, tafuta dikoda kubwa au badilisha mota. Mota za zamani zilizochoka sumaku hula mkondo mwingi, na wakati mwingine kubadilisha mota ni nafuu kuliko kununua dikoda kubwa.

2. Itenge mota. Mifano miwili ya kawaida. Mota ya X04 ya Tri-ang na Hornby ina springi moja yenye mikono miwili inayosukuma kaboni. Itazame kwa karibu: mkono mmoja umevishwa kijimrija cha kuzuia umeme, mwingine uko uchi na unagusa chuma. Huo ulio uchi nao uvishe kijimrija, kisha lehemu waya wake wa peke yake. Athearn za zamani za Marekani, zile za boksi la bluu, zina bamba la shaba chini ya mota lenye vijiulimi viwili vinavyokandamiza fremu. Vikate au uvilaze, na utandike Kapton kati ya bamba na fremu. Mota zenye fremu iliyopasuliwa katikati, kila nusu ikibeba reli yake, ni kazi kubwa zaidi. Usianzie hizo.

3. Kata kapasita iliyowekwa kwenye mota kuzuia kelele za redio. Inaingilia umeme wa dikoda na kuichanganya inapopima mwendo wa mota.

4. Pima. Multimita kwenye mlio. Ncha moja kwenye mguu wa kwanza wa mota, nyingine kwenye magurudumu ya kushoto, kisha ya kulia, kisha fremu. Rudia kwa mguu wa pili. Vipimo sita, vyote viwe kimya. Zungusha magurudumu kwa mkono huku unapima, maana kuna vichwa vinavyogusana gurudumu likifika mahali fulani tu. Mlio mmoja ukitoka, usiunganishe dikoda.

5. Lehemu nyaya kwa rangi: mwekundu kwenye magurudumu ya kulia, mweusi ya kushoto, chungwa mguu wa mota uliokuwa ukipata umeme wa reli ya kulia, kijivu mguu wa pili. Vika kila kiungo mrija wa kusinyaa kwa joto kabla ya kulehemu, siyo baada ya kukumbuka.

6. Taa. Waya wa bluu ni chanya ya pamoja, mweupe ni taa ya mbele, njano ya nyuma. Balbu za zamani mara nyingi nazo zimegusa fremu, zitenge. LED iwe na rezista ya kilo-omu 1. Balbu ya volti 12 iliyogusa plastiki itaikunja bodi baada ya kuwaka muda mrefu kwa umeme wa DCC, kwa hiyo ni bora uhamie LED.

7. Bandika dikoda kwa tepu ya pande mbili mahali penye hewa. Usiiviringishe tepu yote, inahitaji kupoa. Kisha endelea na hatua ya 5 ya sehemu A.

C. Kurudi analogi

Kuna njia mbili, na chaguo linategemea unarudi kwa muda gani.

Kwa jioni moja kwenye reli za rafiki, acha dikoda ndani:

1. Kwenye njia ya kuprogramu soma CV29, na kama analogi imezimwa ongeza 4.
2. Ukitaka taa ziwake kwenye analogi, weka CV14 iwe 3, thamani inayokubalika kwenye dikoda nyingi.
3. Weka kichwa kwenye reli za analogi na upandishe volti taratibu.

Usishtuke kisiposogea mwanzoni. Dikoda inahitaji kama volti 5 au 6 kuamka kabla haijaipa mota chochote, na yenye sauti huhitaji zaidi. Kitachelewa kuondoka na mwendo wake wa juu utapungua. Hiyo siyo hitilafu. Ukikifunga pamoja na kichwa cha analogi tupu kuvuta treni moja, watavutana, kwa sababu mmoja huondoka kabla ya mwenzake.

Kwa kurudi moja kwa moja, au kukiuza:

1. Rudisha namba iwe 3 na CV29 iwe 6, ili dikoda hiyo isimsumbue atakayeinunua. Dikoda nyingi hurudi hali ya kiwandani ukiandika 8 kwenye CV8, ila soma karatasi yake kwanza.
2. Chomoa dikoda, chomeka plagi bubu, alama kwa alama.
3. Kama plagi bubu imepotea, kwenye soketi ya pini 8 unaweza kuitengeneza: unganisha pini 8 na pini 1, kisha pini 4 na pini 5. Mota itatembea, taa hazitawaka mpaka uongeze viungo vyake.
4. Kichwa ulicholehemu: unganisha mwekundu na chungwa, mweusi na kijivu. Basi.

Je, kichwa cha analogi bila dikoda kinaweza kukaa kwenye reli za DCC?

Baadhi ya kontrola za DCC zina namba 0 kwa kazi hiyo, nyingine hazina. Hata ikiwepo, ushauri wangu ni usiitumie. Mota inapigwa volti kamili pande zote mbili muda wote, inalia hata ikiwa imesimama, na inapata moto. Mota zisizo na kiini cha chuma, ambazo zimejaa kwenye vichwa vidogo vya N na modeli za bei kubwa, huungua upesi.

D. Reli moja, kontrola mbili

Wengi wanataka mbao moja itumike kwa zote mbili. Inawezekana, kwa sharti kwamba kontrola mbili zisikutane kamwe. Watu hufunga swichi ya njia mbili, nayo hufanya kazi mpaka siku reli zimegawanywa vipande, kipande kimoja kimebaki analogi, na kichwa kinavuka kiungo magurudumu ya mbele yakiwa DCC na ya nyuma analogi. Kwa sekunde hiyo kontrola zimeunganishwa, na ya bei kubwa ndiyo huumia.

Mimi napendelea plagi moja. Nyaya zote za reli ziishie kwenye plagi moja, kila kontrola iwe na soketi yake. Plagi haiwezi kuwa mahali pawili. Kabla ya kuhamisha, toa vichwa vya analogi tupu ukienda DCC, na vile vyenye analogi iliyozimwa ukirudi.

Angalia pia kiunganishi cha umeme cha reli. Vile vya Hornby vya analogi vina kapasita ndani, na kapasita hizo huharibu ishara ya DCC. Weka kiunganishi cha dijitali au lehemu waya kwenye reli.

Kwa wa DCC-EX: toleo la 5 lina TrackManager, ambayo huruhusu njia moja igeuzwe kuwa DC kwa amri. Ila hiyo DC yake ni ya mapigo, kwa hiyo ni ya vichwa vya analogi tupu, siyo vyenye dikoda.

Märklin ya reli tatu

Analogi yao ni umeme wa AC, na mwelekeo hugeuzwa kwa pigo fupi la kama volti 24. Dikoda ya kawaida ya DC haifai hapo. Tumia iliyoandikwa kwamba inahimili AC. Transfoma za zamani za bluu zilizotengenezwa kwa volti 220 ziache kabisa. Kwenye 230 na kuendelea pigo lake hupanda kupita kiasi na kuua dikoda.

Kikigoma

*Kontrola inasema haioni kichwa kwenye njia ya kuprogramu.* Safisha magurudumu na reli. Hakikisha hakuna kichwa kingine kwenye njia hiyo. Dikoda hujibu kwa kuivutia mota mkondo kidogo, hivyo mota isipounganishwa haiwezi kujibu. Zenye sauti wakati mwingine huandikika ingawa hazisomeki.

*Kinatembea lakini taa haziwaki, na mbele imekuwa nyuma.* Plagi ya pini 8 umeichomeka kinyume. Igeuze. Kwa kawaida haijaharibika.

*Taa ziko sawa, mbele ni nyuma.* Umebadilishana chungwa na kijivu. Ongeza 1 kwenye CV29 na mwelekeo utageuka, ingawa sasa taa nazo zitageuka. Dawa safi ni kulehemu upya.

*Hakijibu namba mpya.* Umeandika namba ndefu lakini 32 haimo kwenye CV29, au kinyume chake. Isome CV29.

*Kinaondoka chenyewe kwa kasi ukiwasha reli.* Analogi haijazimwa.

*Kwenye analogi kinatetemeka na kulia, hakiendi.* Kontrola yako ni ya mapigo. Jaribu yenye DC laini.

*Kinasita kila kinapovuka makutano.* Hiyo ni ya uchafu au magurudumu machache yanayochukua umeme. Safisha kwanza, fikiria kapasita ya pumzi baadaye.

*Kimetoa harufu kikasimama.* Zima, toa dikoda, rudisha plagi bubu, kijaribu kwa analogi. Kikitembea, mota iko salama na dikoda ndiyo imekwenda. Kabla ya kuchomeka nyingine, rudia vile vipimo sita vya sehemu B, safari hii bodi ikiwa imefungwa nusu, ukiibonyeza hapa na pale. Kuna bodi za chuma ambazo zikifungwa ndipo hugusa mguu wa mota, na mezani kichwa kikiwa uchi hutaona lolote.